Kumi au Mia

Aliyenifundisha kusoma Kurani bado yu hai, na nyumba yake iko Kibokoni, milango michache kutoka nyumba tuliyokulia. Watoto wote wa mtaa ule tulimwita Maalimu, na mpaka leo, mimi mwanamke wa makamo mwenye wanangu, sijapata kumwita jina lingine. Mumewe hukaanga muhogo na kuuza jioni kule Mama Ngina, kando ya bahari. Ni mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Utotoni tulimjua zaidi kwa karai lake kubwa lililokaa uani likingoja alasiri, na kwa vipande vya muhogo alivyotugawia tulipomaliza kusoma. Hawakujaaliwa kupata watoto wa kuzaa. Maalimu akiulizwa husema watoto anao, chumba kimejaa.

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi katika duka la dawa Makadara. Watu wakinitazama nyuma ya kaunta hudhani kazi yangu ni kuhesabu vidonge. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusoma miandiko ya watu wenye haraka. Madaktari huandika kwa mkato. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Ukiona tano juu ya saba, maana yake ni kwa siku tano. Mama mmoja aliwahi kuisoma hiyo kuwa ni vidonge vitano kila siku kwa juma zima, na lau hangerudi kuuliza sijui ingekuwaje.

Ipo mikato tuliyofundishwa kuiogopa. Miligramu na mikrogramu zikiandikwa mbiombio hutofautiana kwa kiherufi kimoja tu, na moja ni kubwa kuliko nyingine mara elfu. Nukta ikififia, moja na nusu yawa kumi na tano. Lakini mkato ulioniogopesha zaidi tangu chuoni ni herufi U, ambayo wengine huiandika badala ya neno yuniti, kipimo cha insulini. U ikiandikwa na mtu mwenye haraka hufunga mdomo wake wa juu ikawa sufuri, na hapo kumi yawa mia. Bomba la sindano ya insulini tunalouza lina alama mia. Yuniti kumi ni kidogo mno, huoni dawa ndani yake ukiwa umesimama mbali. Yuniti mia ni bomba zima. Kumchoma mtu mzima wa umri wa Maalimu bomba zima ni kumwua.

Nayaeleza haya mapema ili msomaji asidhani nilifanya kiburi. Ingawa siku hizi sina hakika kwamba hapakuwa na kiburi.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka jana, adhana ya adhuhuri iko karibu. Duka limejaa, kila mtu ataka kuhudumiwa kabla hatujateremsha mlango kwa ajili ya sala. Mume wa Maalimu aliingia akasimama nyuma ya watu, akangoja zamu yake ingawa nilimwona na nikamwashiria asogee. Alipofika kaunta nilimwamkia, akaitikia, akanipa karatasi ya dawa iliyokunjwa mara nne.

Maalimu alikuwa na sukari kwa miaka mingi, akimeza vidonge. Asubuhi hiyo, mumewe alinieleza, walikwenda zahanati moja Ganjoni kwa kuwa hali yake haikuwa nzuri. Aliyekuwa zamu ni daktari kijana, mgeni pale. Alimpima, akasema vidonge havitoshi tena, aanze insulini siku hiyohiyo. Tuk-tuk ilimpeleka Maalimu nyumbani akapumzike, na mumewe akashuka Makadara kununua dawa. Wa kumchoma walikuwa wameshampata, jirani yao, nesi mstaafu.

Niliikunjua karatasi. Jina la insulini lilisomeka. BD ilisomeka. Katikati palikuwa na moja, kisha sufuri, kisha alama ya tatu ambayo ilikuwa U au sufuri nyingine, ncha zake za juu zimeinamiana mpaka zimekaribia kugusana.

Niliona kumi. Nilipoitupia jicho mara ya kwanza niliona kumi, na akili yangu ikaniambia kwamba hakuna daktari anayemwanzishia mtu mzima kama yule yuniti mia. Kisha nikaangalia tena, kama nilivyofundishwa, na mara ya pili nikaona mia. Nilipokwisha kuiona mia sikuweza kuiondoa machoni. Nikamfikiria yule nesi mstaafu na miwani yake, ameishika karatasi hii dirishani, anavuta dawa mpaka bomba lijae kwa sababu ndivyo daktari alivyoandika.

Nilimpigia daktari. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga ya zahanati, ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena. Nyuma ya mume wa Maalimu mtu mmoja alikuwa akigonga kaunta kwa ufunguo wake.

"Baba," nikamwambia, "hii haisomeki vizuri. Itabidi urudi Ganjoni daktari akuandikie upya."

"Leo Ijumaa, mwanangu."

"Najua. Lakini siwezi kukupa hivi. Hii dawa ikizidi inaua."

Neno hilo nililisema kwa sauti ya kazini, sauti ya kumfikia mtu wa mwisho kwenye foleni. Watu wakageuka wakamtazama. Yeye akaichukua karatasi, akaikunja mara nne kama ilivyokuja, akaitia mfuko wa kanzu.

"Maalimu ndiye aliyenambia nije kwako," akasema. "Alisema wewe hutakosea."

Nilimwambia nitamngoja, na nilipolitamka nilikuwa nalikusudia. Akatoka. Nikamhudumia mwenye ufunguo.

Baada ya sala nilirudi dukani nikapiga tena ile simu ya daktari, bado imezimwa. Mume wa Maalimu, nilikuja kujua baadaye, alikuwa wakati huo amekaa kwenye kibaraza cha zahanati, Ganjoni, mlango umefungwa. Mlinzi alimwambia watu wamekwenda msikitini, angoje. Akangoja. Karani alirudi karibu na alasiri akamwambia daktari ameshaondoka, hatarudi mpaka kesho, na hapana mwingine mwenye ruhusa ya kugusa maandishi yake.

Alasiri hiyo binamu yangu alikuwa akipakwa hina. Nilimwachia mwenzangu wa kaunta maagizo: mzee fulani atakuja na karatasi mpya, akija mpe dawa na mabomba, mweleze namna ya kuiweka baridi, na kukiwa na utata nipigie. Nikaenda zangu. Mzee alifika magharibi ikikaribia, na karatasi ni ileile. Mwenzangu alinipigia, na simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya rundo la mabuibui ya wageni, na ngoma zinapigwa. Akamwambia kwa adabu arudi kesho. Nilipotoka kwenye hina niliona kwamba alinipigia, nikampigia, akanieleza. Nikasema, basi kesho. Vidonge vyake si anavyo? Usiku mmoja tu.

Asubuhi ya Jumamosi daktari mwenyewe alinipigia. Ameona simu zangu, simu yake iliharibika, aniwie radhi, kuna nini? Nikamsomea karatasi kutoka kichwani.

"Kumi," akasema. "Ni kumi, dada. Nani ataandika mia?"

Nikamwambia U yake ilifanana na sufuri. Akasema sauti imeshuka kwamba ni kweli, wameshaambiwa waandike neno zima, na yeye hujisahau kukiwa na watu wengi. Sikumkasirikia. Nilikuwa na haraka. Nilichukua chupa ya insulini kwenye friji, nikaitia kwenye mfuko pamoja na barafu, nikachukua na mabomba, nikamwambia mwenzangu nakwenda Kibokoni kwa miguu maana tuk-tuk ingezungukia mbali.

Mlango wa Maalimu ulikuwa wazi na viatu vimejaa kizingitini. Wanawake wa mtaa walikuwa ndani. Yule nesi mstaafu ndiye aliyenipokea. Alisema Maalimu alitapika usiku, na baada ya sala ya alfajiri mumewe alimkuta anahema kama aliyekimbizwa, akiulizwa neno hajibu lililo sawa. Vijana wa mtaa walimbeba mpaka barabarani penye gari, wakampeleka hospitali.

Nilisimama na mfuko mkononi, barafu inayeyuka inanitonea miguuni.

"Lete nikuwekee kwenye friji," nesi akaniambia. "Umefanya vyema kuja nayo."

Aliichukua chupa ile, akaiweka mlangoni mwa friji ya Maalimu, karibu na bilauri ya maziwa iliyofunikwa sahani. Nikamshukuru. Nilitoka nikalia kwenye uchochoro wa nyuma, mahali ambapo hapana baraza, ili mtu asiniulize.

Mumewe nilimkuta hospitalini, amekaa kwenye benchi ya ukumbini na kanzu ileile ya jana. Aliitikia salamu yangu yote, mpaka ile sehemu ya kuulizana habari za watu wa nyumbani. Hakunilaumu. Nilikaa upande wa pili wa benchi, na baada ya muda nikaanza kumweleza kuhusu U na sufuri, kuhusu bomba na alama zake, nikieleza kwa mikono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndiyo, mwanangu." Tangu hapo nimejaribu kukumbuka jambo lolote katika maisha yangu lililonidhalilisha kama ile "ndiyo", na sijalipata.

Maalimu hakufa. Alilazwa, akaanza kujua watu, akarudi nyumbani akiwa amekatwa kidole kimoja cha mguu wa kushoto. Daktari wa wodi nilimfuata mwenyewe, nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Alinieleza kwa upole kwamba mgonjwa alikuwa na kidonda kwenye kidole kile kwa majuma, akikificha ndani ya soksi, hata mumewe na daktari wa Ganjoni hakuwaonyesha. Kidonda kilikuwa kimeshaoza. Kidole kingekatwa vyovyote. Sukari nayo ilikuwa juu kwa muda mrefu.

"Usiku mmoja haufanyi haya yote," akasema.

Nilimwuliza, usiku mmoja unafanya kiasi gani? Akasema hilo hawezi kulipima mtu. Mimi ni mtu wa vipimo, na nilitaka anipe kiasi, hata kiwe kidogo, nijue mzigo wangu ni upi na usio wangu ni upi. Hakunipa.

Kazini mambo yalikuwa kinyume. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekaa na biashara ya dawa tangu ujana wake, aliposikia habari ile alinisifu mbele ya wenzangu. Alisema duka hili halijapata kuua mtu, na sababu ni watu kama mimi. Alichukua picha ya karatasi ile, ambayo mwenzangu aliipiga kwa simu mzee aliporudi nayo Ijumaa jioni, akaichapisha, akafunika jina la mgonjwa, akaibandika chumba cha nyuma tunamotayarishia dawa, ili kila mwajiriwa mpya aulizwe anasoma nini pale. Nilimwomba aiondoe. Akashangaa. Akasema hilo ni somo jema, na mimi nisiwe na haya ya kufanya vizuri. Ilinibidi kila siku nihesabu vidonge vya watu chini ya kumi ile, na wenzangu wapya wakasifia macho yangu.

Nilichukua muda mrefu kabla ya kwenda kumwona Maalimu nyumbani. Nilijisingizia kazi, kisha nikajisingizia kwamba wagonjwa hawapendi kusumbuliwa. Nilipokwenda ilikuwa baada ya alasiri, mumewe ameshatoka na muhogo wake. Chumba cha nje watoto walikuwa wakisoma, msichana mkubwa akiwasimamia. Maalimu alikuwa chumba cha ndani, amelala kitandani chali, mguu umeinuliwa juu ya mto, na kila mtoto akikosea kule nje alimsahihisha kutoka huku ndani bila kuinua kichwa.

Nilimbusu mkono nikakaa ukingoni. Aliniuliza habari za wanangu mmoja mmoja. Nikamjibu, na baada ya hapo nikashindwa kuzuia. Nikasema nimekuja kumwomba radhi kwa Ijumaa ile.

"Radhi ya nini? Baba yako amenieleza. Karatasi haikusomeka."

"Nilikuwa naona kumi, Maalimu. Lakini niliogopa isije ikawa mia."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si ni kumi," akasema. "Daktari alinambia kwa mdomo wake. Kumi asubuhi, kumi magharibi, na nile kwanza. Alinirejelesha mpaka nikahifadhi. Mbona hukunipigia ukaniuliza?"

Nambari yake ninayo. Kila Idi mimi humpigia simu kumpa mkono wa Idi. Ijumaa ile nilimpigia daktari, nikapiga zahanati, nikapiga zahanati tena, na simu hiyohiyo iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa na nambari ya mgonjwa mwenyewe. Haikunipitia akilini. Wala sikumwuliza mumewe, aliyekuwa amesimama mbele yangu, kama kuna mtu aliyewatajia kipimo. Swali lenyewe ni la kwanza tunalofundishwa kumwuliza mteja: daktari amekwambiaje? Nimelifundisha kwa wengine. Mimi niliitazama karatasi, na watu wawili walioijua dawa ile niliwafanya wachukuzi wake tu.

Lau ningemwuliza, kumi yake na kumi niliyoiona mimi zingekutana. Ningeandika neno zima kwenye boksi, yuniti kumi, na mzee angefika nyumbani na dawa kabla chakula cha mchana hakijapoa.

Sijui nilimjibu nini. Nadhani nilisema nilisahau. Alinipapasa mkono akasema basi, ya Mungu mengi, na wakati huohuo akapaza sauti kumsahihisha mtoto aliyeruka aya. Kisha akaniomba nimtazamie kama bomba analotumia jirani ni lile linalofaa. Nilikwenda kwenye friji, nikatoa dawa, nikaangalia bomba, lilikuwa lenyewe. Nilikaa mpaka magharibi nikamchoma mwenyewe, yuniti kumi, na bomba nililiinua kwenye taa nikaitazama alama ile mara nyingi kuliko inavyohitajika, mpaka akaniuliza kama macho yananisumbua.

Sikumweleza mwenye duka jambo hili mara moja. Nilimweleza baada ya mfungo, siku moja tulipokuwa peke yetu, kwamba mgonjwa alikuwa anakijua kipimo na mimi sikumwuliza. Alifikiri, akasema hata hivyo maneno ya mgonjwa si maandishi, wagonjwa husahau, na wengine huchanganya. Ni kweli. Wapo wengi wasiojua walichoambiwa, na karatasi isiyosomeka bado naikataa. Majuzi tu nimemrudisha mama mwenye mtoto mchanga kwa sababu ya nukta iliyofutika kwenye dawa ya maji. Nilimwuliza kwanza, hakuwa anajua, nikapiga simu, haikupokelewa, na alipotoka na mtoto wake juani nilimfuata kwa macho mpaka akapinda kona. Nikifuata sheria nalaumika na nafsi, nikiivunja naogopa. Lakini kuuliza siachi tena. Namwuliza kila mtu, hata anayenunua dawa ya kikohozi, na wateja wengine huniona msumbufu.

Mume wa Maalimu hanunui dawa kwetu siku hizi. Hupita mbele ya mlango wetu akaenda duka jingine mbele zaidi, na akiniona hunyanyua mkono na kunisalimu kwa heshima zote. Maalimu aliponiuliza kama huwa anafika kwetu, nilisema hufika. Huo nao ni uongo nilioutia juu ya yote.

Jumapili moja niliwapeleka wanangu Mama Ngina kupunga upepo. Walitaka muhogo, nami sikuweza kuwaambia kwa nini tusiende kwa yule mzee ambaye wao wanamjua kuwa ndiye bora. Tulipanga foleni kama wengine. Alipotufikia aliwauliza wanangu habari za masomo, akawachagulia vipande vya katikati, akapasua limau.

"Pilipili?" akaniuliza.

"Kidogo, baba."

Akanyunyiza, akafunga kwenye karatasi, akanipa kwa mikono miwili.

"Maalimu anakusalimu," akasema.

Nikamwambia nami namsalimu, na kwamba nitafika juma hili. Akaitikia kwa kichwa, akageuka kumwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka kiasi gani.